Sherehe za Kumsemesha Chiriku

Binti yetu tunamwita Chiriku kwa sababu nyumbani hanyamazi. Anaamka akiongea, anapiga mswaki akiongea mpaka povu linarukia kioo, na baba yake akimzimia taa, yeye ndiyo kwanza anaanza habari mpya. Anataka kujua kwa nini magoti yanakunjika upande mmoja tu, nani aliamua Jumatatu ije baada ya Jumapili, na kama samaki hupata kiu. Mimi mwenyewe naishi kwa kuongea. Kazi yangu ni kupokea simu za malalamiko katika ofisi ya maji, na hakuna mwenye maneno makali kama mtu aliyekatikiwa na maji akiwa na sabuni kichwani. Lakini jioni nikirudi nyumbani nakutana na kiboko yangu.

Sasa mtoe mtoto huyo nje ya mlango. Akivuka kizingiti tu, basi. Jirani akimsalimu, anatazama viatu vyake. Mwenye duka akimuuliza anataka nini, ananyoosha kidole. Tulipompeleka chekechea, haukupita mwezi mwalimu akatuita, akatukalisha kwenye vile viti vidogo vya watoto, akatuuliza kwa upole kama binti yetu alizaliwa hasikii au alipata ugonjwa baadaye. Mume wangu alicheka mpaka kiti kikampasukia. Mimi sikucheka.

"Mwalimu," nikamwambia, "huyo mtoto asubuhi ya leo ametusimulia ndoto, na ndoto yenyewe ilikuwa na sehemu ya pili."

Mwalimu alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa.

Tukaenda kwa daktari. Masikio mazima, ulimi mzima, akili inakata. Daktari akasema wako watoto wa namna hiyo, sauti inawakwama mbele ya watu wa nje. Msimlazimishe, akasema, msimkemee, mtafutieni nafasi za kuongea akiwa na furaha. Mume wangu alitoka pale akiwa ameshika hilo la kutokulazimisha. Mimi nilitoka na neno furaha. Mtoto ana furaha lini kuliko siku yake ya kuzaliwa? Kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimeshapanga kila kitu: kila mwaka tutamwandalia sherehe, lakini si sherehe hivi hivi ya keki na kupiga makofi. Sherehe yenye kazi ndani yake, yeye akiwa ndiye mwenye kazi, na kazi yenyewe iwe haifanyiki bila mdomo.

Nilikuwa na hofu, nisiwafiche. Mtu akiona nyumba yetu ilivyokuwa ikipambwa alidhani tuna wazimu wa raha. Lakini mimi kila nikimwona anakwenda shule na begi lake mgongoni, nilijiuliza: akipotea, atamuuliza nani njia? Akiumia, atamwambia nani kwamba anaumia? Nilitaka asikike na mtu mmoja tu asiye wa nyumbani, hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha raha miaka yote hiyo, chini ya maputo yote hayo.

Nilikuwa na jeshi langu. Wa kwanza ni mume wangu, ambaye ni fundi mabango. Anaandika kwa rangi na brashi majina ya maduka, gereji na zahanati, na ana ugonjwa mmoja: hajui kufanya kitu cha mchezo. Mwombe kibao cha kuchezea mtoto, atapima kwanza, atapiga mstari kwa uzi, atapaka rangi ya chini, atasubiri ikauke, na mwisho utapata bango ambalo waziri angeweza kuja kulizindua. Wa pili ni wifi yangu, dada yake mume wangu, mshonaji wa sare za shule na za walinzi. Mimi na yeye hatujawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata juu ya chumvi kwenye maji ya kuchemshia mayai. Lakini kwa Chiriku tulikula njama kama wezi.

Sherehe ya kwanza, alipotimiza miaka mitano, ilikuwa soko. Tulipanga meza uani, tukaweka matunda, sufuria, vitambaa, na Chiriku akawa mwenye soko lote, na aproni aliyoshonewa na shangazi yake yenye mifuko kama ya kangaruu. Watoto wa mtaa walipewa vifuniko vya chupa wawe wananunua. Mfanyabiashara asiyeongea atauza nini? Nilikuwa nimekaa dirishani, masikio yamenisimama. Naam, aliuza kila kitu. Mteja akija anaonyesha bidhaa, yeye anaonyesha vidole. Mteja akitaka kupunguziwa, yeye anatikisa kichwa na kutazama pembeni kwa dharau, mpaka mteja mwenyewe anaongeza. Aliuza matunda, akauza sufuria, akauza na ndoo yangu ya kuogea ambayo haikuwemo kwenye bidhaa. Ilibidi nimfuate jirani kuikomboa.

Mlango ulipofungwa na mgeni wa mwisho alipoondoka, mdomo ukafunguka. "Mama, umemwona yule aliyetaka kuniibia ndizi? Na yule mwingine alidhani mimi sijui kuhesabu! Shangazi, mwakani nishonee mfuko wa siri!" Aliongea mpaka akalala na neno likiwa nusu.

"Mwakani," nikamwambia mume wangu huku nikifagia, "hapatakuwa na vidole."

Mwaka uliofuata tukafanya redio. Hapo nilijiona nimepiga hesabu kali. Chumba kizima cha kukalia kilikuwa studio, tukamwekea kipaza sauti cha mwiko na chujio la chai, wageni wamekaa nje dirishani wakisubiri kusikia habari. Redio haina vidole! Mume wangu alikuwa amejifungia karakana tangu Jumatano, akasema ana jambo la kutushangaza. Dakika ile Chiriku anakaa mbele ya kipaza sauti, mdomo umeanza kufunguka, naapa nimeuona kwa macho yangu, mume wangu akawasha taa nyekundu juu ya mlango, na chini ya taa bango safi la herufi kubwa: KIMYA. TUKO HEWANI.

Chiriku alisoma. Akafunga mdomo, akaweka kidole midomoni, akatutazama wote kwa ukali. Nyumba nzima ikanyamaza. Tulikaa hewani namna hiyo mpaka barafu kwenye jagi la sharubati ikayeyuka yote.

"Baba Chiriku," nikamwambia nilipompata jikoni, "mtoto asiyeongea, wewe umemwandikia neno gani?"

"Studio zote zina bango lile," akasema, na alikuwa ameumia kweli. "Studio isiyokuwa na bango lile si studio."

Msinicheke. Mtu kama huyo utamfanya nini? Nililia, nikacheka, nikampa keki.

Baadaye tukafanya ndege. Viti vimepangwa safu mbili, wifi ameshona sare ya rubani yenye mabega ya dhahabu, na abiria wote wameambiwa ndege haipai mpaka rubani awatangazie. Chiriku alisimama mbele yao, akanyoosha mikono kuonyesha milango ya dharura, akaonyesha mkanda unavyofungwa, akavuta kitu cha kufikirika kutoka darini na kukivaa puani. Hakuna aliyemfundisha. Wageni walipiga makofi, na mzee mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa hajawahi kupanda ndege alifunga mkanda wa suruali yake upya. Ndege ikapaa. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki chini.

Na mahakama ndiyo ilitia fora. Nani amewahi kuona hakimu bubu? Alikaa juu ya meza ya chakula na joho jeusi, mkononi ana nyundo ya mbao ya baba yake. Kesi: nani amelamba krimu ya keki kabla ya wakati. Wifi akanishtaki mimi, kwa ushahidi wa uongo mtupu, na mimi nikajitetea kwa sauti, nikipiga kifua, nikimchokoza hakimu aniulize swali, walau moja. Hakimu alinisikiliza mpaka mwisho, akapiga nyundo, akaninyooshea kona. Nilikula kifungo changu uso ukiwa ukutani. Nyuma yangu nilisikia keki inakatwa, inagawiwa, inasifiwa, na hakuna mtu aliyekumbuka kunikatia rufaa.

Ndivyo miaka ilivyokwenda. Kila mwaka tulifunga kibwebwe, kila mwaka tulishindwa, na kila mwaka nyumba ikifungwa tulisimuliwa kushindwa kwetu na mwenyewe, kwa mdomo mzima, akirukaruka kitandani.

Kisha ukaja mwaka wa kutimiza miaka tisa, na mwalimu wa darasa la tatu akaniita. Huyu hakunihurumia, na kwa hilo nilimshukuru. Alisema Chiriku anaandika kuliko wenzake wote, lakini mwisho wa muhula kuna mtihani wa kusoma kwa sauti mbele ya msimamizi anayetoka nje. Asiyesoma hapandi darasa. Rafiki zake wote watapanda, yeye atabaki na wadogo zao.

"Mama," akasema, "mimi siwezi kumwandikia alama za sauti ambayo sijawahi kuisikia."

Nilitoka pale nikaenda kazini. Nikapanda ngazi za ofisini, nikavaa visikizio vyangu, na mtu wa kwanza aliyenipigia akanitukana kwa sababu ya bomba. Nilimwambia asante.

Jioni ile Chiriku alinipokea mlangoni. "Mama, nimeshaamua. Mwaka huu nataka hoteli, na mimi nitakaa mapokezi."

Moyo ulinilipuka kwa furaha. Mapokezi! Karibuni, jina lako nani, unataka chumba gani, utakaa siku ngapi! Hata ungemtafuta mtaalamu wa ng'ambo asingebuni kazi yenye maneno mengi namna hiyo. Nikaanza kupanga kabla sijavua viatu. Wifi alipewa kitengo cha usafi wa vyumba, mume wangu mchukuzi wa mizigo, mimi mpishi na meneja. Meza ya kupigia pasi ikawa kaunta. Wifi alishona sare za rangi ya zambarau kwa wote, na tai ndogo kwa Chiriku. Nilipiga marufuku vitu vyote vya ujanja: hakuna kalamu kaunta, hakuna picha, hakuna kengele. Mume wangu alikuwa ameshaleta kengele ya mezani, ile ya kupiga kwa kiganja, na niliichukua nikaizika kwenye kopo la unga.

Mume wangu aliandika namba za vyumba. Chumba cha kukalia kikawa namba moja, chetu cha kulala namba mbili, cha Chiriku namba tatu, na kila ufunguo una kibao chake cha mbao kilichopigwa vanishi. Na kwa kuwa barabara yetu ilikuwa inachimbwa, na wageni wangeweza kupotea, alfajiri ya Jumamosi alikwenda kwenye njia panda ya barabara kuu, akasimamisha bango.

Nililiona nilipokwenda kununua mayai. HOTELI. VYUMBA SAFI VIPO. Chini yake kitanda chenye mito miwili, na mshale uliochorwa kwa ustadi, ukielekea moja kwa moja mlangoni kwetu. Nilisimama pale na mayai yangu nikalitazama kwa fahari. Nikarudi nikamwambia mume wangu limependeza. Ndiyo akili tuliyokuwa nayo siku ile, wawili sisi, watu wazima wenye kazi zao.

Mchana watoto walifika na masanduku ya wazazi wao. Nyumba ilijaa kicheko. Mimi nilikuwa jikoni nikipigana na keki iliyopasuka katikati, lakini kila dakika nilichungulia. Chiriku amesimama nyuma ya kaunta, tai imekaa sawa, tabasamu la kazini. Mtoto akija, anampa ufunguo. Mwingine akija, anamwonyesha vidole viwili, kisha anamwonyesha ukumbi. Vidole! Nilirudi kwenye keki yangu, nikaipaka krimu kwa hasira mpaka ikawa na kibiongo.

Mume wangu akawatoa watoto wote uani, akaanza kuwapakia kwenye toroli lake la rangi kwa zamu, akisema ni gari la hoteli la kwenda uwanja wa ndege. Ndani pakatulia. Krimu ilikuwa imenirukia kifuani, nikaenda chumbani kubadilisha blauzi.

Nikasukuma mlango, na kitandani kwangu amelala mwanamume.

Si kijana. Mzee wa makamo, soksi za kijivu, viatu vimepangwa pamoja chini ya kitanda, tai imetundikwa kwenye kitasa cha kabati langu. Nilipiga kelele. Akainuka, akanitazama kwa kuudhika.

"Mama, hapa kwenu wafanyakazi hawabishi hodi?"

"Nibishe hodi chumbani kwangu?"

"Hiki ni namba mbili." Akanyanyua ufunguo, kibao cha mbao kikaning'inia. "Gari letu limeharibika hapo barabarani, tukaona bango, tukafuata mshale. Mimi na mke wangu tumepewa chumba hiki."

"Mmepewa na nani?"

"Na yule binti wa mapokezi. Sikatai, nilishangaa umri wake, lakini kazi anaijua. Ametueleza kwamba hiki ndicho chumba kizuri zaidi, maji ya moto yanasumbua, chai ya asubuhi ni kuanzia saa moja, na mpishi anafoka lakini tusimwogope."

Nilisogea karibu.

"Amewaeleza?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo?"

"Sasa, mama, angetueleza kwa goti?"

Nini kilinipata sijui. Nilimrukia yule mzee wa watu nikamkumbatia, krimu ikamhamia shatini. Nilikuwa nalia na kucheka, naye mikono iko juu kama mtu anayepekuliwa. Na hapo mlango ukafunguka, akaingia mume wangu na kofia yake ya mchukuzi, sanduku la watoto mkono huu na jingine mkono ule, akamkuta mkewe kitandani amemkumbatia mwanamume mwenye soksi.

"Samahani," akasema, akafunga mlango.

Kisha akaufungua tena. "Mke wangu, huyu ni nani?"

"Mgeni! Chiriku ameongea naye!"

Masanduku yote mawili yakaanguka. "Kwa mdomo?"

"Jamani," akasema yule mzee akijifuta krimu, "hoteli hii watu huongea kwa kitu gani?"

Hatukuwa na muda wa kumjibu. Tulivua viatu tukatoka kwa kunyata, mume wangu mbele, mimi nyuma, na yule mzee akatufuata na soksi zake, maana na yeye sasa alitaka kujua. Mwisho wa ukumbi kuna pazia linalotenga chumba cha kukalia. Wifi alikuwa ameshatutangulia. Amechuchumaa nyuma ya pazia na mashuka mikononi, machozi yanamtiririka, na alipotuona akatuonyesha ngumi, kama anayesema: atakayekohoa atanitambua.

Kwenye upenyo wa pazia nilimwona mwanamke mnene, mke wa yule mzee, amekaa kwenye kochi na miguu yake ndani ya beseni la maji. Chiriku alikuwa amemletea. Amekaa mkekani mbele yake, tai imelegea, na anaongea. Sauti ile ile ya nyumbani, ile ya dawa ya meno, mbele ya mtu ambaye hatumjui! Nilimfinya mume wangu mkono mpaka akauma kofia.

"Ya mahakama ndiyo ilikuwa nzuri zaidi," anasema Chiriku. "Nilimfunga mama."

Yule bibi akacheka mpaka maji yakamwagika. Kisha akamwuliza, "Lakini mjukuu wangu, mbona wale watoto uliwaonyesha vidole tu? Nilikuwa mlangoni, nilikuona."

Chiriku akatazama mlangoni kwanza. "Utamwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Mimi kesho gari likitengemaa naondoka."

"Basi. Zamani nilikuwa siwezi kweli. Maneno yalikuwa yanafika hapa," akagusa koo, "yanagoma. Sasa hivi yanatoka. Nimejaribu kwa mtu anayesoma mita ya umeme, yakatoka. Nikajaribu kwa mama mwuza maandazi ambaye hapiti tena, yakatoka."

"Na mama yako hajui?"

"Hapana."

"Mtoto wewe! Si angefurahi?"

"Angefurahi siku hiyo," akasema Chiriku. "Halafu zingeisha. Hizi sherehe ni za kunisemesha mimi, nilimsikia akimwambia shangazi. Nikiongea, za nini tena? Na mama anazipenda sana, bibi. Kazini kwake watu wanamtukana kwenye simu siku nzima, anarudi amenuna, hata kiatu kimoja anasahau kuvua. Lakini tukianza kupanga sherehe anaimba jikoni. Anaimba vibaya, lakini anaimba. Sasa mimi nikiongea, ataimba kwa sababu gani?"

"Na shule?" akauliza yule bibi, taratibu.

"Nitarudia darasa. Si mbaya. Nitakuwa mrefu kuliko wote."

Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye ninayembeba mtoto huyu, na muda wote huo alikuwa amenibeba yeye, kwa kufunga mdomo. Niliumia, na wakati huo huo nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata maishani, na vyote viwili vilinijaa kwa pamoja. Mume wangu alikuwa analia ndani ya kofia. Ni mtu asiyejua kulia kimya. Alianza kuvuta makamasi kwa kishindo.

"Nani huyo?" akauliza Chiriku.

Nikafungua pazia, nikatoka.

Aliponiona, alifunga mdomo. Akatazama viatu vyake. Uso ule, ule wa majirani na wa mwenye duka, hakuwahi kunipa mimi hata siku moja, na siku ile alinipa. Nilipiga magoti mkekani, pale kwenye maji yaliyomwagika. Mimi ninayelipwa kwa kuongea nilitafuta neno na sikulipata. Yule bibi akanitazama, akatazama krimu kifuani kwangu, akatazama krimu ile ile kwenye shati la mumewe, lakini kwa hekima yake hakusema kitu.

"Chiriku," nikasema mwishowe. "Mwakani unataka sherehe ya nini?"

Hakuinua macho.

"Kwa sababu zitakuwepo. Ongea mpaka koo likauke, zitakuwepo. Ukifika darasa la mwisho zitakuwepo. Ukiwa mtu mzima mwenye ofisi yako, nitakuja na maputo nikuaibishe mbele ya wafanyakazi wako. Mimi sihitaji sababu, mwanangu. Nitaimba bure."

Akanyanyua jicho moja. "Hata nikifaulu mtihani?"

Alisema. Mbele ya yule bibi na mbele ya yule mzee aliyesimama na soksi zake, alisema nami. Nyuma yangu nilimsikia wifi akianguka na mashuka yake.

"Hata ukifaulu."

"Apa."

"Naapa."

Alinitazama sana, kama anavyomtazama mteja anayetaka kupunguziwa. Bado hakuridhika. Watoto walikuwa wamesikia kelele, wakaanza kuingia kutoka uani, mmoja baada ya mwingine, na masanduku yao, wakasimama wakiwa wameachama midomo. Chiriku aliwaona. Kisha akasimama, akakaza tai yake, akamgeukia yule bibi wa beseni.

"Umesikia alivyoapa," akamwambia. "Wewe ni shahidi. Jina lako nani?"

Yule bibi, huku machozi yanamlengalenga, akataja jina lake kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu," Chiriku akamwambia. "Wa nyuma hawasikii."